Haki ya Kupata Taarifa: Mwananchi wa Mikumi Aulize Nini, kwa Nani na Ajibiwe Lini

Na Mwandishi Wetu, Mikumi

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya hadi mpaka wa Zambia hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa Mikumi kwa takribani kilomita 50. Ndani ya eneo hilo dereva hukutana na bango linalotaja wanyamapori mmoja mmoja na kiasi cha faini atakayotozwa mtu atakayemgonga mnyama huyo. Mamlaka imetangaza kanuni yake hadharani, mahali panapohusika na kwa lugha inayoeleweka. Dereva hawezi kudai kwamba hakujua, na anayetoza faini hawezi kujibunia kiwango.

Wananchi waishio pembezoni mwa barabara hiyo, katika mji mdogo wa Mikumi na vijiji vya Wilaya ya Kilosa, wanahitaji uwazi wa aina hiyo katika mambo mengi zaidi ya faini. Yupo mkulima ambaye shamba lake limevamiwa na tembo usiku na hajui fomu yake imeishia ofisi gani. Yupo mzazi anayechangishwa fedha shuleni ilhali hajawahi kuelezwa ruzuku ya shule hiyo ni kiasi gani. Kipo kikundi cha vijana kinachosikia habari za mikopo ya Halmashauri baada ya dirisha la maombi kufungwa. Kwa kila mmoja wao, taarifa isiyopatikana kwa wakati ni hasara inayohesabika.

Makala haya yanaeleza haki ya mwananchi kupata taarifa kama ilivyowekwa na sheria za nchi, utaratibu wa kuiomba, mipaka yake, na namna haki hiyo inavyogusa maisha ya kila siku ya watu wa Mikumi na Kilosa.

Msingi wa haki hii

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, pamoja na haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Ili haki hiyo iwe na utaratibu wa utekelezaji, mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka huo, inayotumika Tanzania Bara. Kanuni zake zilifuata mwaka 2017.

Tanzania si nchi ya kwanza kupita njia hiyo. Sweden ilitunga sheria ya aina hiyo tangu mwaka 1766. Katika ukanda wetu, Uganda ilitunga yake mwaka 2005, na Kenya ikatunga mwaka uleule wa 2016. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 28 Septemba ya kila mwaka kuwa Siku ya Kimataifa ya Haki ya Kupata Taarifa.

Fikra iliyo nyuma ya sheria hizi zote ni moja. Taarifa zilizomo katika majalada ya ofisi za umma zimekusanywa na kutunzwa kwa fedha za wananchi. Mtumishi anazishika kwa dhamana na si kwa umiliki. Kwa hiyo kutoa ndiyo kanuni, na kuzuia ni jambo linalohitaji sababu ya kisheria.

Nani anawajibika kutoa taarifa

Sheria inatumia neno mmiliki wa taarifa kwa maana pana. Linahusu mamlaka zote za umma: Wizara, Idara, Wakala, Mikoa na Halmashauri, hadi ngazi za chini. Linahusu pia taasisi binafsi zilizosajiliwa kisheria ambazo zinatumia fedha za umma au zina taarifa zenye maslahi makubwa kwa umma.

Anayenufaika na haki hii chini ya Sheria ni raia wa Tanzania. Hahitajiki kuwa msomi, mwandishi wa habari wala mwanachama wa chama chochote. Mama lishe wa stendi ya Mikumi na mkulima wa miwa wa Kidodi wana haki sawa na wakili wa mjini.

Kila mmiliki wa taarifa anatakiwa kuteua Afisa Habari mmoja au zaidi wa kushughulikia maombi. Mwananchi anapofika katika ofisi ya umma na kukosa mtu wa kumsikiliza, swali lake la kwanza liwe hili: ni nani aliyeteuliwa katika ofisi hii kupokea maombi ya taarifa?

Jinsi ya kuomba

Ombi hufanywa kwa maandishi, kwa kutumia fomu iliyowekwa na Kanuni, na kuelekezwa kwa taasisi inayoshikilia taarifa husika. Linapaswa kuwa na jina na anwani ya mwombaji na maelezo ya kutosha kumwezesha Afisa kuitambua taarifa inayotakiwa.

Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, hapotezi haki yake. Anaweza kuomba kwa mdomo, na Afisa anawajibika kuliweka ombi hilo katika maandishi na kumpatia mwombaji nakala.

Baada ya kupokea ombi, ofisi inatakiwa kutoa jibu mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya siku 30. Jibu hilo lieleze kama taarifa ipo na kama itatolewa. Kwa sababu siku huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa, mwombaji ahakikishe anabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa masjala wenye tarehe. Asiye na nakala hiyo hana pa kuanzia kuhesabu, na ofisi isiyogonga muhuri inajinyima yenyewe ushahidi kwamba ilijibu kwa wakati.

Sheria inaruhusu kutozwa ada iliyowekwa kwa ajili ya kufidia gharama za kutoa taarifa, kwa mfano kurudufu nyaraka. Malipo yoyote kwa Serikali yafanywe kwa kumbukumbu namba ya malipo na mlipaji apewe risiti. Fedha inayoombwa mkononi ili faili lionekane si ada ya taarifa, na mahali pa kuipeleka habari hiyo ni TAKUKURU.

Ombi linalojibika

Maombi mengi hukwama kwa kuwa yameandikwa kwa ujumla mno. Mwananchi anayeandika “naomba taarifa za fedha za kijiji” anamwachia Afisa kazi ya kubahatisha: fedha zipi, za mwaka gani, za mradi upi? Ombi la namna hiyo linaweza kurudishwa kwa ufafanuzi, na muda ukapotea.

Ombi hilohilo linaweza kuandikwa hivi: “Naomba nakala ya taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji kwa kipindi cha Julai hadi Septemba, pamoja na muhtasari wa mkutano mkuu ulioipokea.” Hapa kuna nyaraka mbili zinazojulikana, kipindi kinachojulikana na ofisi inayojulikana. Aidha zipo au hazipo, na jibu lolote litakalotolewa ni taarifa. Jibu kwamba muhtasari haupo lina maana kwamba ama mkutano haukufanyika, ama haukuandikwa, na mwananchi amepata jambo la kuuliza katika mkutano ujao.

Tembo wanapoingia shambani

Hifadhi ya Taifa Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, ni chanzo cha ajira na mapato. Kuishi jirani nayo kuna gharama pia. Tembo hawatambui alama za mipaka, na shamba la mahindi lililotunzwa msimu mzima linaweza kuisha kwa usiku mmoja.

Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, na Kanuni zilizotungwa mwaka 2011, Serikali hutoa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao au mali, na kifuta machozi pale mtu anapojeruhiwa au kupoteza maisha. Majina hayo yanaeleza jambo ambalo wengi hawakuelezwa: malipo haya si fidia inayolingana na thamani ya mali iliyopotea, bali ni mkono wa pole kwa viwango vilivyowekwa. Kanuni huzingatia ukubwa wa eneo lililoharibiwa na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Asiyejua sharti la umbali anaweza kungoja miaka malipo ambayo tangu mwanzo hakustahili, na anayestahili anaweza kukosa kwa sababu hakutoa taarifa mapema uharibifu ulipokuwa bado unaonekana na kupimika.

Taarifa ya tukio huanzia kwa uongozi wa kijiji, wataalamu hufika kufanya tathmini, kisha madai hupita wilayani kabla ya kufika Wizara ya Maliasili na Utalii. Katika safari hiyo ndefu ndipo haki ya kupata taarifa inapopata maana. Mkulima anayo haki ya kuuliza kwa maandishi: tathmini ya shamba langu iliandika ekari ngapi? Fomu ilitumwa Wizarani tarehe gani? Kama ilikataliwa, ni kwa sababu ipi? Maswali haya matatu hayaongezi fedha katika bajeti, lakini yanamtoa mtu katika kungoja asikokujua mwisho wake. Humwezesha kuamua kama arekebishe fomu, akate shauri la kubadili zao, au aachane na dai hilo.

Taarifa zisizohitaji barua

Zipo taarifa ambazo mwananchi hapaswi kuziandikia barua, kwa sababu sheria inawataka viongozi kuzileta mbele yake.

Ya kwanza ni taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji. Chini ya mfumo uliowekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu katika kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na mkutano huo hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo Halmashauri ya Kijiji inapotoa hesabu, na taarifa hiyo kubandikwa katika mbao za matangazo.

Ya pili ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaizuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Katika Wilaya ya Kilosa, ambako wakulima na wafugaji wamewahi kupambana hadi watu kupoteza maisha, na ambako mashamba makubwa yaliyotelekezwa yamefutiwa hati na kurejeshwa kwa matumizi ya wananchi, kipengele hiki ni cha usalama kama kilivyo cha utawala bora. Mpango wa matumizi ya ardhi uliofungiwa kabatini hauwezi kumzuia mfugaji kuingiza ng’ombe shambani wala mkulima kulima njia ya mifugo, kwa kuwa hakuna kati yao aliyeiona ramani.

Ya tatu ni vikao vya Baraza la Madiwani, ambavyo ni vya wazi kwa wananchi na vyombo vya habari. Ya nne ni ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo baada ya kuwasilishwa Bungeni huchapishwa kila mwaka. Ripoti hizo hueleza aina ya hati ambayo kila halmashauri imepata, na zipo katika tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi.

Ya tano ni mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu na ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachofuata masharti ya zamani kinaweza kuandaa nyaraka zisizohitajika na kukosa zinazohitajika. Masharti mapya yakibandikwa katika ofisi ya kata, tatizo hilo huisha kwa karatasi moja.

Somo la mkaa wa Kilosa

Mfano mzuri wa faida ya uwazi umepatikana katika vijiji vya Kilosa vilivyo jirani na Mikumi, vikiwamo Ulaya Mbuyuni, Kitunduweta na Ihombwe. Kuanzia mwaka 2012, vijiji hivyo vilishiriki mradi wa mkaa endelevu uliotekelezwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na washirika wake, ukiwamo Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania.

Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji kinaweza kutenga na kusimamia hifadhi ya msitu katika ardhi yake. Katika mpango wa Kilosa, sehemu ya msitu iliyotengwa kwa mkaa ilipimwa katika vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kikishavunwa kinaachwa kwa miaka 24 miti ichipue upya. Mchoma mkaa hulipa ushuru kijijini kabla ya gunia kuondoka, na fedha hizo huingia katika hesabu ya kijiji kwa matumizi ya maendeleo na usimamizi wa msitu.

Mpango wa namna hii hausimami bila taarifa. Mwanakijiji anaombwa asikate mti leo ili kijiji kinufaike kwa miongo miwili ijayo. Hawezi kukubali iwapo hajui magunia mangapi yameondoka, ushuru ni kiasi gani kwa gunia na fedha imenunua nini. Akijua kwamba ushuru wa robo mwaka umelipia mabati ya darasa analolipita kila siku, anakuwa mlinzi wa msitu asiyelipwa mshahara. Asipojua, anauona msitu kuwa mali ya watu wachache, na usiku anachukua shoka. Hivyo kusoma hesabu mbele ya mkutano mkuu ni sehemu ya uhifadhi, sawa na doria.

Ruzuku ya shule na uzoefu wa Uganda

Tangu Januari 2016, utekelezaji wa elimu bila ada umeambatana na ruzuku ya uendeshaji wa shule. Kwa shule ya msingi, kiwango kilichowekwa kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikienda shuleni moja kwa moja na sehemu ikitengwa kwa vitabu. Kwa shule ya wanafunzi 600, hesabu ya mwaka ni shilingi milioni 6. Mzazi anayeijua hesabu hii anaweza kuiuliza Kamati ya Shule kilichopokelewa na kilichofanyika, na anaweza pia kuelewa kwa nini fedha hiyo haitoshi kujenga darasa.

Uganda ilijifunza somo hili mapema. Utafiti ulionesha kuwa kati ya mwaka 1991 na 1995, kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku zisizo za mishahara zilizotengwa kwa shule za msingi ndizo zilizofika shuleni. Serikali ya nchi hiyo ilianza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya na kuagiza shule zibandike hadharani walichopokea. Kufikia mwaka 2001, kiasi kilichofika kilizidi asilimia 80. Wachambuzi wamebainisha kuwa mageuzi mengine ya fedha yalifanyika wakati huohuo, hivyo sifa zote haziwezi kupewa gazeti. Hata hivyo, mwalimu mkuu aliyekuwa hajui kiasi alichotengewa hakuwa na namna ya kudai kilichopungua.

Mipaka ya haki

Haki hii ina mipaka. Sheria inaruhusu kuzuiwa kwa taarifa ambazo kutolewa kwake kunaweza kuhatarisha usalama wa Taifa, kuvuruga upelelezi, kuingilia faragha ya mtu, kuathiri mwenendo wa mashauri mahakamani, kuleta madhara makubwa katika usimamizi wa uchumi, au kudhuru maslahi halali ya kibiashara. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa zinazomhusu mtu mmoja mmoja.

Mstari huo si mgumu kuuona. Kiasi cha dawa kilichopokelewa na zahanati katika robo mwaka ni taarifa ya umma. Jina la mgonjwa aliyepewa dawa hizo si taarifa ya umma. Gharama ya ujenzi wa kituo cha afya ni ya umma. Ratiba ya doria dhidi ya majangili hifadhini si ya kutangazwa. Mtumishi anayekataa anapaswa kutaja kipengele cha sheria anachokitegemea. Kauli kwamba “hiyo ni siri ya Serikali,” isiyoambatana na kifungu chochote, haitoshi.

Mwombaji asiyeridhika anaweza, ndani ya siku 30, kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, ambaye naye anatakiwa kuamua ndani ya siku 30. Asiporidhika tena, anaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya sheria. Kubadili, kuficha au kuharibu kumbukumbu kwa nia ya kuzuia zisitolewe ni kosa la jinai. Vilevile, aliyepewa taarifa haruhusiwi kuipotosha. Haki ya kupata inakwenda pamoja na wajibu wa kunukuu kwa uaminifu.

Kumbukumbu ndiyo mzizi

Ofisi haiwezi kutoa isichokiandika. Uzoefu wa kazi ya habari serikalini unaonesha kwamba mara nyingi kinachomchelewesha mwananchi si nia mbaya, bali ni muhtasari usiosainiwa, rejesta iliyolowa mvua au jalada lililoondoka na mtumishi aliyehamishwa. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaweka msingi wa utunzaji, lakini utekelezaji wake huanzia kwa Mtendaji wa Kijiji anayeandika mapato siku yaleyale yanapopokelewa.

Tovuti za mikoa na halmashauri zimeongeza njia, na mfumo wa e-Mrejesho unamwezesha mwananchi kutuma malalamiko, maoni na pongezi kwa simu. Hata hivyo, si kila kaya ya Ulaya au Malolo ina intaneti. Ubao wa matangazo wenye karatasi mpya, mkutano uliotangazwa siku kadhaa kabla, na Afisa anayejua kusikiliza vitabaki kuwa nguzo za uwazi vijijini kwa muda mrefu.

Wananchi wanashauriwa kuanza na hatua ndogo: kuhudhuria mkutano mkuu ujao, kuuliza tarehe ya taarifa ya fedha ya robo mwaka, na pale isipotolewa, kuandika ombi na kulipeleka masjala ligongwe muhuri. Nao watumishi wa umma wanakumbushwa kwamba ombi hilo si uchokozi. Ni raia anayeuliza kuhusu mali yake, na siku 30 za kumjibu zimekwisha kuanza kuhesabiwa.